Hukumu unayo, pesa huna

Sheria ya Kenya ya 2016 inataka Mahakama ya Madai Madogo imalize kesi ndani ya siku 60. Deni lisizidi shilingi milioni 1, na wakili si lazima. Hapo sina neno. Balaa linaanza ukishashinda! Mdaiwa anabadilisha laini, duka ghafla ni la shemeji, pikipiki nayo eti ya mkopo. Dalali wa mahakama, yule wa kukamata mali ya mdaiwa, naye hatoki ofisini bila chochote mkononi. Yaani unadai elfu 40, halafu utoboe mfuko tena kumsaka mtu aliyeweka picha jana akila nyama choma! Ukikutana naye stejini anakwambia, "Si ulinipeleka kotini? Basi koti ikulipe."