Kabla ya Mshahara, Ulizeni Siku ya Mapumziko

Vijana wa Shangani, Mikindani na Msanga Mkuu, kwetu Mtwara, wanaonipigia simu kutafuta kazi kwenye boti za watalii huku Shelisheli huuliza kwanza mshahara, kisha tiketi ya ndege, kisha kama chakula ni cha bure. Sijapata hata mmoja aliyeuliza jinsi siku za mapumziko zinavyopatikana, ilhali kwa maoni yangu hilo ndilo swali linalopaswa kutangulia, kwa sababu mshahara mtu huuzoea mapema, lakini mapumziko ndiyo yanayoamua kama ataimudu kazi hii au atarejea Mtwara akiwa amechoka mwili na roho.

Ninafanya kazi kwenye boti ya matanga yenye magogo mawili sambamba, yaani katamarani, inayowachukua wageni kwa wiki nzima kutoka Mahé hadi Praslin, La Digue na Curieuse, kule waliko kobe wakubwa, na sisi mabaharia hulala humo humo. Makubaliano yangu ya kazi yanafuata Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006 wa Shirika la Kazi Duniani, unaotaka baharia apumzike saa zisizopungua 10 katika kila saa 24 na saa zisizopungua 77 katika kila siku 7, na apate likizo ya malipo ya siku mbili na nusu kwa kila mwezi aliofanya kazi. Karatasi hiyo ni neema kubwa. Upepo wa kusi unapochafua bahari na wageni wakaahirisha safari, mshahara wangu haupungui, na nikiugua sihesabiwi kuwa mzigo kwa wenzangu.

Kwetu Mtwara mapumziko hugawiwa na mwezi wa angani. Wavuvi wa dagaa huhitaji usiku wa giza ili taa zao zivute samaki, kwa hiyo mbalamwezi inapoanza kung'aa vyombo hubaki pwani. Na maji makubwa ya bamvua yanapopwa, ambayo Mtwara hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, jahazi hulazwa mchangani likakalafatiwa, yaani kuzibwa nyufa, na kupakwa deheni, mchanganyiko wa mafuta na chokaa. Siku ya Ijumaa wengi hawaingii baharini mpaka swala ipite. Hakuna anayeomba ruhusa kwa mtu, na jambo kubwa zaidi ni kwamba wote wanapumzika kwa wakati mmoja, ndiyo maana nikah, vikao vya ukoo na hata usuluhishi wa ugomvi wa muda mrefu hupata nafasi siku hizo, kwa kuwa kila anayehitajika yupo.

Hata hivyo mapumziko hayo hayana hata senti moja. Chombo kikikaa pwani hakuna mgao, na dukani watu huanza kuandikiwa deni. Kimbunga Hidaya kilipoifikia pwani yetu mwanzoni mwa Mei 2024, kukaa nchi kavu kulikuwa ndiyo busara, lakini busara hiyo ililipiwa na familia za wavuvi wenyewe. Mkataba ule unaonilinda mimi unatamka bayana kwamba hauhusu meli za uvuvi wala vyombo vya jadi kama majahazi. Kila ninapoufikia mstari huo moyo huniuma, kwa sababu Bahari ya Hindi ni hii hii moja, na kazi ya kaka zangu wanaovuta nyavu usiku kucha ni nzito kuliko yangu ya kuwashusha watu ufukweni na kuwapakulia chakula. Kwetu chombo hutolewa fungu lake kabla ya mabaharia kugawana, ili tajiri, yaani mwenye chombo, atengeneze mashine na kununua nyavu. Basi mwili wa mvuvi nao uhesabiwe kama nyavu, utengewe fungu lake la siku za mbalamwezi. Jambo hilo halihitaji kusubiri serikali, linaweza kuanzwa na matajiri wa vyombo na manahodha wetu.

Pamoja na hayo, msidhani kwamba huku saa za kupumzika zilizoandikwa huwa ni raha. Siku wageni wanaposhuka ndiyo siku ya kufua shuka, kusugua vyoo, kujaza maji na dizeli na kupakia vyakula kabla wengine hawajafika. Usiku nanga ikianza kuburura kwa upepo, huamka wote, aliye zamu na asiye zamu. Na hata siku ya kushuka nchi kavu inapofika, hutolewa kwa zamu ili boti isibaki bila watu, kwa hiyo rafiki yangu wa karibu tunayelala chumba kimoja hatujawahi kupumzika siku moja. Jumapili mjini Victoria maduka mengi hufungwa na wenyeji huwa na jamaa zao. Ijumaa mimi huenda msikitini nikijaaliwa kuwa bandarini. Nikiwa huru, mama yangu Mikindani huwa shambani, na yeye anapokuwa na nafasi mimi niko kazini, ingawa saa zetu zinapishana kwa saa moja tu.

Nikiambiwa nichague, kwa sasa nachagua malipo, kwa kuwa nina wadogo zangu wanaosoma. Lakini sikubali kwamba binadamu lazima achague kati ya mapumziko yenye malipo na mapumziko yenye watu, na ninyi mnaotaka kuja msikubali mapema.

Kabla ya kutia saini, ulizeni siku ya mapumziko ni ya nchi kavu au ya humo humo botini. Ulizeni kama siku ya kubadilisha wageni inahesabiwa kuwa ya kazi. Ulizeni nani hulipa nauli ya likizo, na kama likizo inaweza kuangukia wakati wa jando au harusi ya nyumbani. Mkishafika, mtaletewa daftari la saa za mapumziko mlitie saini, na ni haki yenu kupewa nakala. Lisomeni mstari kwa mstari, na kama limeandika kwamba mlilala usiku ambao mlikuwa mkishika zamu ya nanga, msitie saini mpaka lirekebishwe.