Challenger Wanayo, Chai Maharage Zetu Ziko Wapi?

Huku Detroit utawakuta wazee wenye wajukuu wakibishana juu ya kigari kinachoenea kiganjani. Taa za nyuma ni za Dodge Challenger, gari la Marekani, ya 1970 au ya 1971? Mstari wa ubavuni umechorwa sawasawa? Ndugu zangu wa Dar nikiwasimulia hucheka, wanasema Wazungu wamekosa kazi. Mimi siungi mkono kicheko hicho. Wale wazee wanatunza kumbukumbu ya magari yao, jambo ambalo sisi tumeliacha likatupotea, hata kwa chai maharage, yale magari yetu ya abiria ya zamani ya Dar.

Vigari vyenyewe hutengenezwa kwa metali yenye zinki nyingi, ikayeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Kipimo kinachopendwa zaidi ni 1 kwa 64, yaani urefu wa gari la kweli ukigawanywa kwa 64. Vinaiga magari ya Marekani yaliyovuma kwa muda mfupi tu: Pontiac walipotia injini kubwa ya V8, yenye silinda nane, ndani ya gari la ukubwa wa kati, wakaliita GTO, mwaka 1964, wenzao wakafuata mbio. Chevrolet walitangaza kwamba Chevelle yao kali ya 1970 ina nguvu farasi 450. Kisha bima ikapanda, sheria ya hewa safi ya 1970 ikabana moshi, na mafuta yalipoadimika 1973 mambo yakawa yamekwisha. Hot Wheels, watengenezaji wa vigari, walikuwa wameanza 1968 na vigari 16, vikiwemo Camaro, Mustang, Barracuda na Firebird. Yaani baba aliweza kununua Camaro dukani na mwanawe akanunua ya kwake, mwaka uleule.

Hemi 'Cuda ya 1971, yaani Barracuda yenye injini kubwa ya Hemi, ya kufunguka paa, ambayo hazikuundwa hata 20, moja iliuzwa mnadani mwaka 2014 kwa dola milioni 3.5. Kigari chake cha kawaida unakipata kwa dola chache.

Lakini bei si kitu. Mzee mmoja jirani yangu alifanya kazi Dodge Main, kiwanda kikubwa cha Dodge kilichokuwa Hamtramck, mji mdogo uliozungukwa na Detroit, ambako Challenger ziliundwa. Kilifungwa mwaka 1980, kikabomolewa, na General Motors wakajenga chao palepale. Mzee huyu hana pa kumpeleka mjukuu akamwonyeshe, "Hapa ndipo nilipokuwa nasimama." Anacho kigari. Anakigeuza chini juu, anaonyesha mlango aliokuwa akiufunga yeye, anaeleza kelele, joto, nani alisimama kulia kwake na nani kushoto. Mtoto anasikiliza kwa sababu kuna kitu cha kushika.

Sisi je? Kwa mikono tunawashinda, nasema bila kusita. Mtoto wa Tanzania hukunja waya akaunda lori lenye usukani mrefu wa kuendeshea akiwa amesimama, magurudumu akayakata kwenye kandambili zilizochakaa. Ili aliunde lazima awe amelitazama lori la kweli mpaka akajua ekseli inakaa wapi. Huku nawajua watu wenye mamia ya vigari ambavyo havijawahi kutolewa kwenye pakiti, eti visishuke thamani. Hilo silipendi hata kidogo. Gari ambalo halijaguswa na mtoto limenyimwa kazi yake.

Tatizo letu ni kwamba lori la waya likichoka linatupwa, na lile la kweli linaishia kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Makumbusho ya Taifa pale Dar yametunza magari ya viongozi, vizuri sana. Yale yaliyowabeba mama zetu kwenda Kariakoo nani ameyatunza? Ikarus za UDA, shirika la usafiri la Dar, yale mabasi marefu ya Hungaria tuliyoyaita kumbakumba, leo utazipata kwa udogo wake kwenye kabati za wakusanyaji wa Hungaria. Datsun 240Z iliyoshinda Safari Rally ya 1971, enzi mashindano yalipokuwa yakivuka mipaka ya Afrika Mashariki, Nissan walioiunda wameihifadhi kwao Japani, na vigari vyake vinaundwa na kuuzwa huko huko mbali. Vumbi lilikuwa letu, kumbukumbu wanayo wengine.

Nasikia hoja kwamba nchi yenye shida ya maji haina haja ya vigari. Sikubaliani nayo. Hakuna anayeomba bajeti ya serikali. Mafundi wa bati tunao, wanaunda majiko na taa za koroboi kila siku, na vijana wa kuchora wamejaa. Linalokosekana ni sisi wanunuzi kuthamini kazi hiyo zaidi ya plastiki ya dukani, na wazee wetu waliokuwa madereva na makonda kuulizwa vipimo kabla hawajatutoka.

Mimi ningeanza na chai maharage: mabenchi mawili ya kutazamana, turubai juu, konda ananing'inia nyuma. Fundi atakayeiunda kwa bati, milango ikafunguka na magurudumu yakazunguka, anipe bei yake. Nanunua mbili: moja ya kabatini, moja ya mwanangu kuisukuma sakafuni.