Dhoruba kuu, shwari kuu, hofu kuu

Nilipokuwa mdogo niliamini kwamba Yesu alilala juu ya mto, mto wa maji kabisa. Marko, akisimulia dhoruba iliyowakuta chomboni, anasema alikuwa katika shetri, yaani sehemu ya nyuma ya chombo, "amelala juu ya mto", na mimi shetri sikuijua, basi nikamwona amejinyoosha juu ya maji yanayokwenda, chombo kikiyumba kando. Siku nilipoelezwa kwamba ni mto wa kulalia, nilisononeka kidogo. Leo naona mto wa kulalia ndio wa ajabu zaidi. Maji yanaingia chomboni, na mtu kachoka hata hasikii.

Shida yetu tuliokulia kanisani ni kwamba tunaisoma Injili tukiwa na jibu mkononi. Tukiona tu neno "dhoruba" tumeshafika kwenye dhoruba za maisha, ndoa na madeni, na ujumbe umeshatolewa kabla chombo hakijajaa maji. Siwalaumu wahubiri peke yao; hata mimi nimefundisha hivyo shule ya Jumapili, tena kwa sauti ya kujiamini. Halafu tunaimega vipande: aya tatu asubuhi, aya mbili za kutumiana kwenye simu. Namba za aya zenyewe ni kazi ya mchapishaji Robert Estienne, mwaka 1551. Marko alisimulia moja kwa moja.

Kwa hiyo mwezi uliopita niliisoma Injili yake yote, sura 16, kwa kikao kimoja na kwa sauti. Haifiki hata saa mbili. Neno "mara" linakukimbiza: mara hivi, mara vile, pumzi zinakuishia. Nilipofika kwenye chombo kile, sikio likanasa kitu ambacho macho yalikuwa yakikiruka miaka yote. Inatokea dhoruba kuu. Yesu anakemea, kunakuwa shwari kuu. Kisha wanafunzi wanaingiwa na hofu kuu. Kuu tatu, na hata katika Kigiriki neno ni lile lile mara zote tatu.

Angalia hiyo hofu kuu inapokaa: baada ya bahari kutulia! Mawimbi yalipokuwa yakipiga walilalamika, tena kwa ukali, "Mwalimu, si kitu kwako kuwa tunaangamia?" Kufa maji wavuvi wanakujua. Mtu anayeuambia upepo unyamaze ukanyamaza, huyo hawajawahi kupanda naye chombo kimoja. Wanaulizana, "Ni nani huyu, basi?" na Marko anawaacha hapo hapo, bila jibu, anahamia ng'ambo. Nami sikuongeza neno. Mwalimu wa shule ya Jumapili aliyemo ndani yangu alikuwa ameshafungua mdomo, nikamnyamazisha.

Kuu nyingine nilikutana nayo sura ya tano, nyumbani kwa Yairo, mkuu wa sinagogi. Binti yake wa miaka 12 aliyekuwa amekufa anasimama, anatembea, na waliomo chumbani wanashangaa "mshangao mkuu". Baba yupo, mama yupo, wanafunzi watatu wapo, wote wameduwaa. Yesu anaagiza mtoto apewe chakula. Kumbe ana njaa, na hakuna mwingine aliyekumbuka. Hapo nilishindwa kuendelea kwa muda. Nilikuwa namwona yule mama anatafuta bakuli, mikono inatetemeka, bakuli liko mbele yake na halioni.