Saa 120 za Pasaka: gemu, kinanda na maswali 40 ya hesabu

Mwaka huu wa 2026 kalenda ilitupendelea. Ijumaa Kuu ilikuwa 3 Aprili, Jumatatu ya Pasaka 6 Aprili, na kesho yake ikawa Siku ya Karume. Siku tano mfululizo bila shule. Nyumbani kwa dada yangu siku hizo zilianza na ugomvi. Mpwa wangu yuko kidato cha nne, mtihani wa taifa ni Novemba, na alirudi na maswali 40 ya hesabu. Anapiga kinanda kwenye kwaya ya parokia. Na anapenda mno gemu la mpira. Ijumaa asubuhi dada alifungia pedi zote za kuchezea gemu kabatini, akasema zitatoka baada ya mtihani.

Dada hakukurupuka. Gemu nyingi, hasa za kwenye simu, zimetengenezwa zisiwe na mwisho: ukimaliza hatua moja unafunguliwa nyingine, na usipoingia leo unakosa zawadi ya leo. Mwaka 2019 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha orodha mpya ya magonjwa, na uraibu wa gemu umo. China, tangu Septemba 2021, watoto wanaruhusiwa gemu za mtandaoni saa moja tu, kuanzia saa mbili usiku, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Mzazi aliyejinyima kulipia tuisheni ana kila sababu ya kuogopa.

Ila vigezo vya uraibu huo ni vizito kuliko tunavyovitaja: mtu ashindwe kujizuia, gemu itangulie kila kitu maishani mwake, aendelee kucheza hata akiona inamharibia, na kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu miezi 12. Kijana anayecheza mechi tatu na mdogo wake, akaitwa kula akaja, hayumo humo.

Jumamosi nilichukua karatasi tukapiga hesabu na mpwa wangu mwenyewe. Siku tano ni saa 120. Usingizi wa saa tisa kila usiku ni 45, kwa kuwa vijana wa umri wake wanahitaji saa nane hadi kumi. Zinabaki 75. Kula, kuoga, kufua, kuchota maji na kutumwa dukani, saa tano kwa siku: zinabaki 50. Masomo saa nne kila siku, zinabaki 30. Kwaya, pamoja na mazoezi, Ijumaa Kuu, mkesha na misa ya Jumapili, tulikadiria 15. Gemu saa mbili kwa siku ni 10. Bado kuna saa tano za kukaa tu na wenzake barazani.

Nilirudia hesabu hiyo, maana kuna jambo lilinisumbua. Kinanda kilikuwa kinakula saa nyingi kuliko gemu, na hakuna mtu nyumbani aliyewahi kukilalamikia. Sisemi kiguswe. Kanisani kinanda hunyamaza kuanzia wimbo wa Utukufu wa Alhamisi Kuu, au hushika tu sauti za waimbaji, mpaka Utukufu wa mkesha wa Pasaka. Usiku ule taa ziliwaka, kengele zikalia, na yule kijana akashusha vidole vyote kumi kwa pamoja. Saa zake zote za mazoezi zilikuwa mle. Ninachosema ni kwamba hofu yetu haikutokana na saa. Tumeshaamua kipi cha heshima na kipi cha kihuni, halafu kile cha kihuni ndicho tunachokitwisha lawama ya alama mbaya.

Muziki nao una upande ambao hatuukemei. Anaposoma historia huku masikioni kuna singeli, maneno ya wimbo yanagombana na maneno ya kitabu. Hilo ningelikataza kabla ya gemu la saa kumi jioni.

Dada alinijibu vizuri: "Kaka, saa za kwenye karatasi haziibiwi." Kweli. Lakini tazama zilikoibiwa. Usiku wa Ijumaa, siku ileile pedi zilipofungiwa, niliamka saa nane nikaona mwanga wa simu ndani ya chandarua chake. Asubuhi yake swali moja la vekta alilifuta mara tatu, kila mara amekosea alama ileile ya kutoa. Marufuku haikuondoa gemu, iliihamishia usiku, ikamnyima usingizi ambao hesabu inauhitaji. Korea Kusini walipitisha sheria mwaka 2011 kuwazuia walio chini ya miaka 16 kucheza mtandaoni usiku wa manane hadi alfajiri. Haikugusa gemu za simu, na watoto wakahamia huko. Sheria yenyewe ilifutwa kuanzia 2022.

Kuna watoto ambao ukiwapa saa mbili watachukua sita, na kwao kabati lifungwe kweli. Huyu wetu hakuwahi kupewa hizo mbili zikajulikana zinaanza lini na zinaisha lini. Alikuwa anaziiba, na kinachoibwa hakipimwi. Hata maswali 40 yanatisha yakingoja usiku wa Jumanne. Ukiyagawa ni manane kwa siku, asubuhi, kichwa kikiwa kimepumzika.

Jumapili mchana dada alitoa pedi, na simu ya kijana ikawa inalala chumbani kwa mama yake. Hadi Jumanne jioni maswali 36 yalikuwa yamekwisha. Mei Mosi inaangukia Ijumaa, siku tatu nyingine, na dada ametaka ratiba iandikwe kabla. Mpwa wangu ameshaniletea rasimu. Mstari wa kwanza ni wa kulala, saa nne usiku.