Maji ya chai ya rangi na chambo cheusi

Chini ya ngazi za nyumba yetu hapa Minneapolis kuna kisanduku kilichojaa vyambo vya bandia vya buluu. Buluu na fedha, buluu na nyeupe, na kimoja buluu yenye mistari ya zambarau ambacho hata leo nikikitazama nakiona kizuri. Jumla ya pesa iliyoingia humo mke wangu haijui, na sitaiandika hapa kwa sababu anasoma blogu hii. Karibu vyote nilivinunua msimu wangu wa kwanza wa kumvua maski, na karibu vyote havina hata alama moja ya jino.

Maski ninayemsema si ile ya kuvaa usoni. Ni samaki wa maji baridi wa Amerika Kaskazini, jina lake kamili muskellunge, lililotokana na neno la Waojibwe, watu asilia wa huko, maashkinoozhe. Kwa mtu wa pwani namweleza hivi: chukua mzia, mpake kijani na hudhurungi, mtie kwenye ziwa linaloganda majira yote ya baridi, kisha mfundishe maringo. Atakifuata chambo chako mpaka ubavuni mwa boti, akitazame, akutazame na wewe, halafu ageuke taratibu azame. Jimbo la Wisconsin lilimfanya samaki wake rasmi mwaka 1955. Wenyeji humwita samaki wa mirusho elfu kumi, na bega langu la kulia linaweza kutoa ushahidi.

Kosa langu la buluu lilitoka nyumbani. Mjomba wangu wa Kipumbwi, kule Pangani, alikuwa anafumua sandarusi nyeupe, anazichambua nyuzi zake moja moja, anazifunga juu ya ndoana na kurambaza akitafuta nguru na mzia. Nyeupe, fedha, na ukibahatika kupata, uzi wa buluu katikati. Nilikua nikiamini kwamba hizo ndizo rangi za samaki mla samaki, basi. Nikavuka bahari na imani yangu, nikaenda kuitumbukiza kwenye chai.

Na nikisema chai sitanii. Ziwa ninalolijua zaidi ni Chippewa Flowage, karibu na mji wa Hayward, kaskazini mwa Wisconsin, mwendo wa saa mbili na nusu hivi kwa gari kutoka kwangu. Ukichota maji yake kwenye glasi utaona chai ya rangi: hakuna tope, unaona upande wa pili, lakini yana rangi ya kaharabu. Inatoka kwenye mabwawa ya mboji na misitu ya misonobari inayolizunguka. Majani na mizizi inalowa miaka na miaka, na maji yanapopita humo yanabeba rangi vilevile kama majani ya chai kwenye birika. Watu wengi huyachanganya maji haya na maji ya tope, kama yale ya mto Pangani baada ya masika. Tope ni chembe zinazotawanya mwanga kila upande. Chai ni rangi iliyoyeyuka, na inachagua mwanga wa kumeza.

Inamezaje? Baharini, kwenye maji maangavu, nyekundu ndiyo inayotangulia kufa. Muulize mpiga mbizi yeyote aliyejikata kidole kwenye kina kirefu atakwambia damu aliiona ya kijani. Buluu ndiyo inayofika mbali, na ndiyo maana bahari ni ya buluu na mjomba hakukosea. Kwenye ziwa la chai mambo yanapinduka. Rangi ile iliyoyeyuka inameza buluu na zambarau kwanza, karibu kabisa na uso wa maji, kisha kijani inafuata. Kinachobaki chini ni machungwa na nyekundu.

Nilijaribu mwenyewe gatini. Nilifunga vyambo vinne kwenye kamba, kimoja kimoja, nikavishusha jua likiwa kali. Cha buluu kilipofika kina cha kasia kilikuwa cheusi tii. Cheupe kikawa na rangi ya jino la mvuta tumbaku. Kisahani cha shaba nyekundu, kile kibati kinachozunguka mbele ya chambo, kikawa bado kinawaka kama kaa. Na cheusi? Kilibaki cheusi.

Hapo rafiki yangu mmoja, ambaye huwa nagawana naye mafuta ya boti, alinicheka. Yeye alishampata maski kwenye ziwa hilohilo kwa chambo cha buluu. Nami nasema sawa, alimpata, maana kule chini samaki alikiona cheusi. Kama ni hivyo, si ununue cheusi tangu mwanzo? Buluu yako itakuwa nyeusi kwenye kina fulani na kijivu kwenye kina kingine, jua likitoka hivi, wingu likija vile. Nyeusi haibadiliki, na mimi nikiwa nimesimama kwenye boti saa kumi alfajiri sitaki chambo chenye maajabu.

Lakini nyeusi peke yake haitoshi, na hapa natofautiana na wale wazee wa nyeusi tupu. Maski macho yake yako juu ya kichwa. Akikitazama chambo kutoka chini, nyuma yake kuna mbingu, na hapo nyeusi haina mpinzani: inakata umbo kama kivuli cha mtu mlangoni, hata usiku. Akikitazama kutoka ubavuni, nyuma yake kuna ukuta wa maji ya hudhurungi. Chambo cha machungwa matupu kinaweza kuzama ndani ya ukuta ule. Cheusi tupu kinaonekana, ila kimetulia mno. Ukiviweka pamoja, mwili mweusi na kisahani cha shaba au cha machungwa kinachozunguka mbele yake, unapata kitu kinachowaka na kuzima. Nyeusi na machungwa ni mchanganyiko wa zamani sana kwa wavuvi wa kule, na hawakuhitaji mimi wala gati langu kuugundua.

Ile kijani-njano inayowaka kama jaketi la bodaboda naiheshimu pia, kwa masharti. Rangi za namna hiyo huwaka kwa sababu hula mwanga ambao hatuuoni, pamoja na buluu, kisha huutoa kwa rangi nyingine. Chai inameza chakula chao hicho mapema. Kwa hiyo naitumia kwa chambo kinachopita chini kidogo tu ya uso wa maji, mchana wa jua. Machungwa inayowaka inastahimili kina zaidi, kwa kuwa hiyo inaweza kujilisha hata na kijani.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo watu hawalisemi vya kutosha, wakiwa wameshughulika na rangi: chambo kimetengenezwa kwa nini. Chini ya taya la maski, kila upande, kuna vitundu sita hadi tisa. Binamu yake paiki ana vitano au pungufu, na wavuvi huvihesabu wakitaka kuwatofautisha. Vitundu hivyo si urembo. Pamoja na mstari wa ubavuni, ndivyo vinavyomwambia maji yanatikisika wapi. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2001 uliwaziba maski macho, nao wakaendelea kushambulia, ila mawindo yaliyokuwa karibu nao tu. Kumnyemelea wa mbali hawakuweza. Mimi nausoma hivi: jicho ndilo linalomleta, mtikisiko ndio unaomfungua mdomo. Na kwenye chai, ambako jicho haliendi mbali, mtikisiko unaanza kazi mapema.

Ndiyo maana visahani vyangu ni vya duara na ni vikubwa, namba nane au kumi. Kisahani cha duara kinazunguka pole, kwa mapana, na kila mzunguko unausikia mkononi kama ngoma ya mbali. Kile chembamba chenye umbo la jani huzunguka haraka karibu na waya wake. Kwenye maji maangavu kinapendeza, huku kwetu kinanong'ona. Viwili vya namba kumi vikikaa pamoja vinavuta kweli, na mwenye mgongo mbovu asiseme sikumwonya.

Madini yenyewe je? Wavuvi watakwambia dhahabu na shaba kwa maji ya chai, fedha kwa maji maangavu. Nimeifikiria sana kanuni hii na naona ni nusu kweli. Kioo chochote kinarudisha mwanga uliopo. Kwenye maji ya kaharabu hata kisahani cha rangi ya fedha kitameta kaharabu. Tofauti ni kwamba vingi tunavyoviita fedha vimepakwa nikeli, na nikeli hairudishi wekundu vizuri kama shaba iliyosuguliwa. Kwa hiyo nachukua shaba nyekundu, ile isiyopakwa vanishi, na ikianza kufifia naisugua kwa ndimu na majivu kama bibi alivyokuwa akisugua sinia zake. Wenzangu wa kule walipoliona hilo mara ya kwanza walidhani ni uganga.

Nyuma ya visahani kuna vazi. Hapa kuna kambi mbili: nyuzi za plastiki zinazometameta, au manyoya ya mkia wa kulungu. Nyuzi zile ni nzuri, zinacheza, zinanikumbusha sandarusi za mjomba, lakini ukivuta kwa kasi zinalala zote zikawa kamba moja nyembamba. Manyoya ya kulungu yanakaa yamechanua, yanashikilia umbo, na ukisita kidogo yanapumua. Nataka kivuli kinene, hivyo manyoya meusi. Mepps, watengenezaji wa vyambo, wana kiwanda huko Antigo, Wisconsin, na wananunua mikia ya kindi kutoka kwa wawindaji kwa kazi hiyo. Hasara ya manyoya ni kwamba hayataki uvivu: usipoyakausha baada ya kuvua, ndoana zitaota kutu, na utazipata kesho kama zimelala baharini.

Mti nao una nafasi yake, hasa pale Chippewa. Ziwa lile lilizaliwa miaka ya 1920 kwa bwawa. Maji yalipopanda yalifunika msitu, na yalifunika pia makazi ya Waojibwe, makaburi yao na mashamba yao ya mpunga pori. Visiki bado vimesimama chini. Kuna hata visiwa vya mboji vinavyoelea, na kimoja kikubwa huwa kinaziba njia ya darajani mpaka watu wakusanyike na boti zao kukisukuma. Na kwa kuwa mwanga hauendi chini sana kwenye chai, majani ya majini huota kwenye kina kifupi tu, na maski huwa humohumo, kati ya majani na visiki. Chambo kizito kinachozama kitakuachia hasara. Cha mti, kama Suick, nacho cha Antigo, ukikivuta kinapiga mbizi, ukikiachia kinapanda polepole chenyewe, kinapita juu ya kisiki kama kimekiona. Maski wengi hushambulia wakati ule wa kupanda.

Mpira laini naupenda majira ya kupukutika kwa majani, maji yakiwa yamepoa na samaki amesogea kwenye kina. Siku nyingine, hapana. Na msiuweke sanduku moja na vyambo vya plastiki ngumu. Mimi niliuweka, Julai, kwenye buti la gari, na nilichokikuta ni uji wa rangi nne wenye ndoana kumi na mbili.

Wiki iliyopita nilimpigia mjomba.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Bado unamfukuza yule mzia wa barafu?"

Nikamweleza habari ya nyeusi, shaba na chai. Akasikiliza vizuri, akauliza maswali ya mvuvi: maji yana mkondo? Samaki anapiga kutoka chini au ubavuni? Kisha akauliza, "Na nyama yake ikoje?"

Nikamwambia tunamrudisha majini.

Simu ikanyamaza mpaka nikadhani vocha imekwisha. "Mjomba," akasema, "hiyo si kuvua. Hiyo ni kumsumbua mwenzio."

Nikabadilisha mazungumzo. Nikamwomba anifumulie nyuzi za sandarusi nyeusi, nizifunge nyuma ya visahani vyangu nione kama zitashinda plastiki za dukani. Akasema nyeusi hazionekani siku hizi, ila zipo za kijani, za mifuko ya mbolea, atampa mtu anayekuja Marekani.

Bahasha imefika jana. Nyuzi zina harufu ya nyumbani. Nimefunga chambo kimoja, visahani viwili vya shaba mbele, na msimu wa kaskazini ukifunguliwa, nitakishusha kwanza pale gatini nione ile kijani itageuka nini ikifika kina cha kasia.