Mtafiti wa Kutoka Nje Atakaa Kwenye Kiti Gani?

Vyuo vikuu vya Ulaya vina utaratibu ambao sisi Uganda hatujauzoea. Chuo hutenga fungu la fedha, au huliomba kwenye mfuko wa utafiti, kisha hutangaza kwamba kinamtafuta mtu aliyemaliza shahada ya uzamivu miaka michache iliyopita na ambaye hajaishi katika nchi hiyo hivi karibuni. Anayeshinda hupewa mshahara wa miaka miwili hivi, meza, maabara, na profesa wa kumwongoza. Hafundishi, au hufundisha kidogo tu. Kazi yake ni kutafiti na kuandika. Mpango mkubwa wa namna hii ni ule wa Umoja wa Ulaya unaobeba jina la mwanasayansi Marie Skłodowska-Curie. Sharti lake maarufu ni kwamba mwombaji asiwe ameishi wala kufanya kazi katika nchi anayoiendea kwa zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 iliyotangulia. Kwa anayekwenda kutafiti Ulaya, uraia si hoja. Mganda huomba sawasawa na Mhispania.

Mwaka 2025 ushindani huu ulipamba moto. Serikali ya Marekani ilipoanza kukata fedha za utafiti, Chuo Kikuu cha Aix-Marseille nchini Ufaransa kilitenga euro milioni 15 za kuwapokea watafiti waliotaka kuondoka huko, na mwezi Mei Tume ya Ulaya ikaahidi euro milioni 500 kwa miaka 2025 hadi 2027 kwa lengo hilohilo. Wenye nazo wananunua vichwa hadharani, bila kuona haya.

Na sisi je? Makerere, Mbarara na Gulu zitenge fedha za kuwaleta vijana wa uzamivu kutoka nje, au hiyo ni anasa ya nchi yenye madokta wake wanaozunguka na bahasha za vyeti?

Nianze na wanaosema ndiyo, maana hoja yao ni nzito kuliko inavyochukuliwa. Katika idara nyingi za vyuo vyetu vya umma utamkuta mtu aliyesoma shahada ya kwanza hapohapo, ya uzamili hapohapo, akaajiriwa mhadhiri msaidizi hapohapo, kisha akafanya uzamivu chini ya profesa aliyemfundisha tangu mwaka wa kwanza. Profesa huyo anamwita mzee, na ndivyo adabu inavyotaka. Sasa siku mzee anapowasilisha makala yenye takwimu zilizolegea, nani atanyoosha mkono kwenye semina? Mgeni angenyoosha. Hana cha kupoteza kwenye orodha ya kupandishwa vyeo, na pengine kule alikotoka swali hilo huulizwa kila Ijumaa.

Tena Makerere ya zamani haikuwa ya kujifungia. Kati ya 1963 na 1970 ilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, ambapo kijana wa Moshi aliyetaka udaktari alikuja Kampala, wa Masaka aliyetaka sheria akaenda Dar es Salaam, na uhandisi ukawa Nairobi. Watu walichanganyika kwa mpango. Walimu wengi walikuwa Wazungu, ni kweli, na hilo lilikuwa na matatizo yake, lakini hakuna idara iliyosikia sauti yake yenyewe peke yake.

Hapa kuna kisa cha hospitali ya Mulago ambacho kila upande hukitumia kwa faida yake. Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland, alikuwa akiona watoto wenye uvimbe wa taya usiofanana na kitu kilichoandikwa vitabuni. Mwaka 1958 akachapisha maelezo yake. Mwaka 1961 akaingia kwenye gari na wenzake wawili, wakasafiri maelfu ya kilomita hadi kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali baada ya hospitali nani ameona uvimbe huo na wapi hauonekani. Sampuli zilipelekwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London, na mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr wakatangaza kwamba wameona kirusi ndani ya seli za uvimbe huo. Leo saratani hiyo inaitwa kwa jina la Burkitt, na kirusi kwa majina ya Epstein na Barr.

Anayepinga atasema: mmeona? Watoto wa kwetu, damu ya kwetu, majina ya kwao. Na hawezi kuambiwa amekosea. Uganda ni nchi ya mfano wa jambo hilo. Kirusi cha West Nile kilipatikana mwaka 1937 katika wilaya iliyokipa jina, na cha Zika mwaka 1947 katika msitu ulio jirani na Entebbe. Ramani yetu imebaki kwenye majina ya maradhi, huku sifa za ugunduzi zikisomwa kwingine.

Lakini kisa hakiishii hapo. Mwaka 1967 kazi hiyo ya saratani ilizaa kituo cha tiba Mulago, kwa ushirikiano wa Makerere na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, na mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa Mmarekani, John Ziegler. Mwaka 1972 Idi Amin akaanza kufukuza watu, hali ikachafuka, Wamarekani wakaondoka. Kituo kingeweza kufungwa. Hakikufungwa, kwa sababu palikuwa na daktari wa Kiganda, Charles Olweny, aliyekuwa amejifunza kazi bega kwa bega na wageni wale, akaishika. Kituo hicho ndicho Taasisi ya Saratani ya Uganda ya leo. Olweny mwenyewe baadaye alifanya kazi nje kwa miaka mingi, kisha akarudi kuwa makamu mkuu wa Chuo Kikuu cha Mashahidi wa Uganda, Nkozi.

Mimi hapo napata kipimo. Mgeni aliyekuja na mwenyeji wa kufanya naye kazi aliacha taasisi. Aliyekuja kuchukua sampuli aliacha jina. Kila mpango wa kuleta watafiti kutoka nje upimwe hivyo kabla hatujauliza unagharimu kiasi gani.

Turudi kwa wanaopinga. Hoja yao ya kwanza ni fedha, na ni rahisi kuielewa. Nafasi nyingi za walimu katika vyuo vya umma hazijajazwa kwa sababu Hazina haina mishahara ya kuwalipa. Ukimleta mgeni, utamlipa nauli, nyumba, bima na mshahara usiomtia aibu. Kwa fedha hizo ungeajiri Waganda wangapi? Hoja ya pili ni chungu zaidi: tayari wapo wageni wanaokuja kwa fedha za kwao. Mpango uleule wa Marie Skłodowska-Curie unamruhusu raia wa Ulaya kukaa hadi miaka miwili katika chuo cha nje ya Ulaya, Makerere ikiwemo, kwa sharti kwamba amalizie kwa miezi 12 Ulaya. Soma sharti hilo mara mbili. Ulaya inalipa ili ujuzi uliochumwa Kampala urudi Ulaya. Hawafichi, na mimi siwalaumu. Fedha ni zao. Ila sisi tukitoa za kwetu, tunaweka sharti gani?

Bado, ukiniuliza, hoja zote hizo zinapita pembeni ya tatizo lenyewe. Angalia ngazi ya vyeo ya vyuo vyetu. Kuna mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Ukipata uzamivu unaruka kutoka cha kwanza hadi cha pili, na jioni ileile unapewa darasa. Hakuna cheo cha mtu ambaye kazi yake kwa miaka miwili ni kutafiti tu. Waliopo katika hali hiyo karibu wote wanabebwa na miradi ya wafadhili, na mradi ukiisha nao wameisha.

Namfahamu kijana mmoja aliyerudi na uzamivu wa baiolojia ya mimea kwa mpango wa miguu miwili, ule ambao Sweden, kupitia shirika lake la Sida, iliufadhili Makerere tangu mwaka 2000. Mwanafunzi husoma kipindi huko, kipindi hapa, na sampuli zake zinatoka mashambani kwetu. Mpango ulifanikiwa kwa jambo moja ambalo wengi walishindwa: watu walirudi. Huyu naye alirudi. Muhula wa kwanza akapewa kozi tatu, moja ikiwa na wanafunzi wengi hata wengine wakasikilizia dirishani. Wikiendi anafundisha chuo binafsi ili kodi ya nyumba ilipwe. Vitabu vya mitihani vimejaa nyuma ya gari. Makala aliyokuja nayo nusu imeandikwa, ingali nusu. Hajakimbilia nje, hivyo kwenye takwimu za wasomi wanaohama hayumo. Kama mtafiti, ameshahama.

Sasa mlete Mjerumani, Mnigeria au Mhindi umpe miaka miwili ya kutafiti katika korido hiyohiyo. Atakaa kwenye kiti gani? Atakuwa mtu pekee jengoni asiye na mitihani ya kusahihisha. Wenzake watamwonea kijicho, na wana sababu.

Kuna jambo jingine la kihasibu ambalo wanasiasa hawalitaji kwa kuwa halina utamu. Mwaka wa fedha wa serikali huisha tarehe 30 Juni, na chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2015 fedha ambazo hazijatumika hadi siku hiyo hurudi Hazina. Mwaka 2019 serikali ilianzisha Mfuko wa Utafiti na Ubunifu wa Makerere kwa shilingi bilioni 30, hatua ambayo mimi niliipigia makofi na bado naipigia. Fedha za mlipa kodi ziliingia kwenye utafiti wa chuo kwa kiwango cha kuonekana. Ila mkataba wa miaka miwili hauwezi kulala juu ya fedha zinazokufa kila Juni.

Na miaka miwili yenyewe ni mifupi. Mtafiti akifika, pendekezo lake linapita kamati ya maadili, kisha anasajiliwa na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, kisha kibali cha uhamiaji. Kazi ikigusa wanyamapori, kuna kibali kingine. Taratibu hizi ni za haki, zipo ili tusirudie yale ya sampuli kupanda ndege bila maelezo. Baada ya hapo anaagiza vitendanishi, yaani kemikali za maabara. Vinafika Entebbe ndani ya barafu kavu, Ijumaa alasiri, karatasi moja inakosekana, na Jumatatu barafu yote imeshageuka hewa. Anaagiza upya. Aliyezoea maabara ya Uppsala, Sweden, hajui ampigie nani simu. Fundi wa maabara wa Kiganda anajua, ana namba ya wakala wa forodha na anajua jina la anayelinda funguo za friza. Fundi huyo hatajwi kwenye tangazo lolote la ufadhili.

Kwa hiyo nakubali wageni waje, lakini kwa mpangilio tofauti na ule wa Ulaya. Nafasi ya mtafiti wa baada ya uzamivu iingizwe kwanza kwenye muundo wa vyeo, kwa Mganda na mgeni pamoja. Kila mgeni aje akiwa wa pili wa jozi: yeye na mwenyeji wa rika lake, mshahara wa aina moja, mzigo wa kufundisha uleule mdogo, na majina mawili kwenye makala. Ni ghali mara mbili, najua, basi ziwe nafasi nusu ya zile tulizodhani.

Tena neno "nje" tusilinyooshe hadi Ulaya kwa mazoea. Baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, pamoja na kuagiza kifundishwe shuleni kwa lazima. Walimu wanatakiwa, mitaala inatakiwa, na utafiti wa namna mtoto wa Soroti au Kabale anavyojifunza lugha hii ni mchache. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina taasisi nzima ya taaluma za Kiswahili na vijana waliotoka kumaliza uzamivu humo. Kijana wa aina hiyo anapanda basi, anavuka mpaka wa Mutukula, na kesho yake yuko Kampala. Hahitaji friza wala barafu kavu. Itifaki ya Soko la Pamoja ya Afrika Mashariki ipo tangu 2010, na makao ya Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki yako hapahapa Kampala.

Ningependa nafasi za majaribio zianzie huko, kwenye Kiswahili na elimu, ambako gharama ni ndogo na jozi ni rahisi kupatikana, kisha baiolojia na tiba zifuate Hazina ikishakubali fungu lisilokufa tarehe 30 Juni. Bila ridhaa hiyo ya Hazina, chuo kisitangaze nafasi hata moja. Mgeni atakayekatiwa mshahara mwezi wa kumi na tatu atakwenda kusimulia, na kijana wetu wa baiolojia hatakuwa amepunguziwa hata kozi moja.