Mwacheni mama akae kwanza

Fika kliniki ya wajawazito hapa Kisumu asubuhi yenye foleni. Mama ameshuka bodaboda kutoka Nyamasaria, amesimama muda mrefu, na kibofu kimejaa kwa sababu anaogopa kupoteza nafasi yake. Akiitwa tu, anafungwa mkanda wa kupimia presha juu ya sweta huku akiulizwa maswali. Mashine inalia, nambari inaandikwa kwenye kijitabu, anayefuata!

Nambari hiyo ndiyo itakayoamua kama atarudi nyumbani au atapewa rufaa kwenda Russia (Hospitali ya Jaramogi, lakini nani huiita hivyo?). Kuanzia 140/90, mjamzito anahesabiwa kuwa na presha. Ikifika 160/110 hiyo ni dharura, dawa zinahitajika upesi. Kati ya salama na hatari kuna pengo dogo, na vipimo vya haraka hulivuka bila shida: kupiga gumzo, kukunja miguu, kibofu kujaa, mkono kuning'inia chini ya usawa wa moyo, vyote hupandisha nambari. Dakika 5 za kukaa kimya, mgongo umeegemea na nyayo zimegusa sakafu, hazihitaji bajeti ya kaunti. Zinahitaji benchi.

Mkanda nao una saizi. Mkono wa juu ukizidi sentimita 33 hivi kwa mzunguko, mkanda wa kawaida humpa mama presha asiyo nayo. Kliniki yenye mkanda mmoja kwa wanawake wote inabahatisha.

Hata hivyo, nambari iliyopanda bure hainitishi sana, maana inaweza kupimwa tena. Ninayoiogopa ni iliyoshuka bure. Mashine kadhaa za kielektroniki zinazosoma vizuri kwa watu wengine husoma chini kwa mama mwenye pre-eklampsia, ile presha ya mimba inayoweza kuishia kwenye kifafa. Kwa hiyo swali langu kuhusu mashine zilizomo kwenye mabegi ya wahudumu wa afya ya jamii, yaliyozinduliwa mwaka 2023, si kama zimefika kijijini. Je, zilijaribiwa kwa wajawazito? Nani huzikagua? Betri zikiisha je? Za kufunga kwenye kifundo cha mkono, zinazouzwa madukani, mimi nisingemnunulia mjamzito.

Na ukifungua kijitabu ukakuta 120/80 kila ziara, uliza. Mwili wa binadamu hautoi nambari ileile kila mara. Mama aulize papo hapo: "Sista, presha yangu ni ngapi leo?" Wengi huambiwa tu "iko sawa", kana kwamba mwili ni wa serikali.

Halafu mtoto akizaliwa, hesabu yote inasahaulika. Kumbe presha mara nyingi hupanda zaidi kati ya siku ya 3 na ya 6 baada ya kujifungua, wakati mama ameshafika Ahero au Muhoroni na wageni wanakunywa chai. Kifafa cha mimba kinaweza kumkuta hapo, mimba ikiwa imeshakwisha. Mama aliyekuwa na presha asiruhusiwe kutoka wodini kabla ya kuandikiwa siku ya kupimwa tena wiki hiyohiyo, na anayempokea nyumbani aambiwe: akilalamika kichwa kinamuuma sana, macho yanaona ukungu, au ana maumivu chini ya mbavu za kulia, tafuteni gari usiku huohuo.